Mtu Akianguka Kifafa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Ubongo huuamuru mwili kwa umeme mdogo sana. Amri hutoka kwenye seli zake, hushuka uti wa mgongo, hupita mishipa ya fahamu hadi kwenye misuli, na mkono ukanyanyuka. Seli hizo hupokezana zamu. Kundi kubwa likifyatua umeme kwa pamoja, mtu huanguka, hukakamaa, hutikisika na kutoka povu. Hapo hapana pepo, wala ugonjwa wa kuambukiza. Yupo mgonjwa, na upo wewe.

FANYA

1. Tazama saa. Mara nyingi hali hiyo hukoma yenyewe ndani ya dakika chache. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, mkimbize hospitali. Mjamzito, aliyeumia, na anayeanguka kwa mara ya kwanza nao wapelekwe.

2. Mwondoe kwenye moto, maji au barabara. Watu wameungua kwenye mafiga huku majirani wakiogopa povu. Povu ni mate tu. Mvute!

3. Kunja kanga au shati, umwekee chini ya kichwa. Legeza chochote kinachombana shingoni.

4. Mtikisiko ukitulia, mlaze ubavu ili mate yatoke, asipaliwe.

5. Kaa naye mpaka azinduke. Ubongo uliochoka hurudi polepole. Kama amejikojolea, mfunike.

USIFANYE

1. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Ulimi haumezwi. Kijiko huvunja meno, na vipande vya meno huweza kuziba njia ya hewa.

2. Usimkandamize wala kumfunga kamba. Amri inatoka ubongoni. Kumshika mikono hakuizimi. Utamtegua bega bure.

3. Usimnusishe kiatu, kiberiti wala kitunguu. Angezinduka hata bila hivyo, kisha kiatu kikapewa sifa isiyo yake.

4. Usimpe maji wala dawa ya kumeza kabla hajazinduka kabisa.

5. Usimkatishe dawa kwa kuwa hajaanguka miezi kadhaa. Hajaanguka kwa sababu anaimeza! Ikikatwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu na huweza kuua. Dawa hizo si ngeni: huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na dawa aliyoitegemea ni fenobabitoni, kidonge cha bei nafuu kinachotumika hadi leo. Mwenye kuamua kupunguza dozi ni daktari, si shangazi wala jirani.

6. Usimfiche ndani wala kumtoa shule. Asiogelee peke yake, asipande minazi, asiendeshe bodaboda mpaka daktari aridhie. Mengine yote mwachie. Anayeanguka dakika tatu kwa mwezi amebakiwa na mwezi mzima wa kusoma, kulima na kulea. Usimnyang'anye mwezi huo kwa ajili ya dakika tatu.