Dondoo muhimu: Kutembea kwa kikundi kando ya mto Mulongwe, Uvira

Nendeni kiangazi, Juni hadi Agosti. Mulongwe unashuka kwa kasi kutoka milima ya Mitumba, na mvua ikinyesha huko juu, maji yanaifikia Uvira hata kama mjini jua linawaka. Aprili 2020 mto huu ulibomoa nyumba nyingi na kuua watu. Kwa hiyo mawingu meusi yakitanda mlimani, tokeni bondeni papo hapo. Msingoje maji yabadilike rangi. Wala msipumzike kwenye mawe ya katikati ya mto, hata yakiwa makavu.

Kwanza kabisa, mwulizeni shefu wa mtaa hali ya usalama. Akisema hapana, ahirisheni. Mwenyeji atangulie, na mwendo uwe wa yule anayechoka upesi.

Maji ya kunywa yachemsheni nyumbani, maana kipindupindu hakijauacha mji huu. Mkipita penye akina mama wanaofua, salimieni, kamera ibaki mfukoni.

Mnaopendelea tambarare ya Ruzizi, jihadharini mahali mto Ruzizi unapoingia ziwani: kuna viboko na mamba. Kaeni mbali na matete, na ondokeni kabla ya jua kuzama.