WASIA NA DAFTARI: MATAYARISHO YA NYUMBA KABLA YA KUFIWA

Ndugu msomaji, mtu akiazimia kwenda Hija hulipa madeni yake, huwaachia watu wa nyumbani masurufu, na huomba radhi kwa jamaa na jirani. Lakini safari ya kaburini, ambayo hapana asiyeisafiri, humkuta hakuandika hata herufi moja.

Nalihudhuria matanga ya mtu mwema wa mji wetu. Siku ya tatu mjane wake alipelekewa habari kuwa watu watatu wako barazani, kila mmoja amdai marehemu fedha. Maskini hakujua nani mkweli na nani mwongo. Hakujua hati ya nyumba iko wapi, wala mumewe alimkopesha nani. Msiba mmoja ukawa miwili: wa kwanza ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na wa pili ni uzembe wetu sisi waume.

Dini haikutuacha gizani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia haimfalii kulala siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Ibn Umar, aliyeipokea hadithi hii, alisema kuwa tangu kuisikia haukumpitia usiku mmoja ila wasia wake uko naye. Na Saad bin Abi Waqqas alipougua Makka alitaka kuusia thuluthi mbili za mali yake, akakatazwa. Akataka nusu, akakatazwa. Akaruhusiwa thuluthi, akaambiwa kuwa hiyo nayo ni nyingi, na kuwa kuwaacha warithi wanajitosha ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyoshea watu mikono.

Basi jua mpango wake. Katika mali ya maiti hutoka kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, wala mrithi hausiwi ila warithi wenzake waridhie. Ndipo hurithiwa. Mke hupata thumni marehemu akiwa na watoto, na robo akiwa hana. Na mahari ambayo mume hakuyamaliza ni deni. Mke hulipwa hayo kabla ya mirathi, kisha hupewa na fungu lake. Wangapi wetu wamelikumbuka deni hili?

Katiba yetu ya mwaka 2010 imezithibitisha Mahakama za Kadhi katika mambo ya mirathi ya Waislamu. Lakini Kadhi hawezi kugawa mali asiyoijua, na wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Watu husema kutaja kifo ni uchuro. Kutaja kifo hakukileti, wala kunyamaza hakukirudishi nyuma. Keti na mkeo ungali mzima, mzungumze kwa upole. Atakaa eda miezi minne na siku kumi: atakula nini, na kodi italipwa na nani? Moyo uliokwisha kuyasikia haya kwa kauli ya mpenzi wake hautahayari siku yakifika. Hatusemi asilie. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, machozi yakamtoka, na ulimi wake usiseme ila lenye kumridhisha Mola. Kulia ni rehema. Kuhangaika kwa kutojua ndiko tutakako kuwaondolea.

Usia pia juu ya matanga yako. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwani wamefikiwa na jambo la kuwashughulisha. Sisi tumeligeuza: wafiwa ndio wapishi, na mbuzi wa arubaini hununuliwa kwa mali ya mayatima, nayo ni mali ambayo Kurani imemkamia kwa moto mwenye kuila kwa dhulma.

Ndugu yangu, leo usiku baada ya Isha twaa daftari. Andika unayodaiwa na unaowadai, mahari yaliyobaki, amana za watu zilizo kwako, mahali zilipo hati zako, na fedha zako za benki na za simu. Washuhudishe waadilifu wawili, kisha mwonyeshe mkeo lilipo. Ukiamka salama asubuhi, umshukuru Mola wako; na usipoamka, hukuwaacha watu wako gizani.

Wabillahi tawfiki.