Sasa unataka nini?

Mwanangu wa Malaba,

Unaniandikia kwamba uko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya biashara na alama zako ni nzuri. Lakini mwenye kampuni ya uwakala wa forodha alilifungua pendekezo lako la kurasa 12, akapekuapekua, akaliweka mezani na kukuuliza, "Sasa unataka nini?" Ulitoka machozi yakikulengalenga, na sasa unatafuta tuisheni ya Kiingereza. Pole sana, mama. Hizo pesa ziweke kwanza.

Kiingereza chako hakina kasoro; kurasa ulizoniletea nimezisoma mara mbili. Kurasa tatu nzima unamweleza kituo cha pamoja cha mpakani ni nini, na kwamba lori hukaguliwa upande wa nchi linakoingia tu. Jamani! Mzee huyo anashinda pale kila siku. Jambo lenyewe, kwamba malori yake yanakwama kwa sababu makosa ya karatasi hugunduliwa lori likiwa limeshafika, umelificha ukurasa wa tisa. Mhadhiri atafika huko, maana kazi yake ni kuona umesoma nini. Mzee ana dereva kwenye foleni anayempigia simu kila mara. Hakukutukana hata kidogo. Alikuuliza jambo ambalo karatasi yako ilipaswa kumwambia kabla hajavaa miwani.

Ningekuwa wewe ningeanza hivi: "Naomba wiki mbili nipitie karatasi za malori yenu kabla hayajafika Malaba, nione zipi zinarudishwa na kwa nini." Basi. Nadharia ibaki kwenye begi mpaka aiulizie.

Na usidhani ufundi huu unapatikana darasani tu. Teremka Busia ukae karibu na mama anayeuza trei za mayai kutoka Uganda. Anamwamkia mteja kwa Kisamia, anamuuliza anapika hoteli au anauza rejareja, ndipo anataja bei, kwa Kiswahili. Angalia anavyouliza kwanza. Wewe ulimwuliza mzee nini kabla ya kuandika? Sijaona mahali.

Hata neno bodaboda lilizaliwa hapo mpakani. Waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha abiria kati ya vituo vya pande mbili walinadi "boda, boda!" na mwenye mzigo kichwani akajua papo hapo anauziwa nini na atafikishwa wapi.

Najua bado kunauma. Umesoma kwa taabu, ukatamani mtu auone usomi wako, naye akaona karatasi tu. Lakini alikuuliza swali. Angekuwa hakutaki angekuambia atakupigia.

Rudi kwake wiki ijayo, asubuhi, kabla simu hazijaanza. Msalimie, muulize lori la mwisho kurudishwa lilikosa nini, kisha unyamaze aongee. Akikuuliza tena unataka nini, mjibu kwa mdomo, begi likiwa limefungwa. Halafu uniandikie alivyosema.