NAMTAKA YESU TU, BIBLIA YOTE YA NINI?



Karatasi hii umepewa uwanjani, au umeiokota njiani, au umefungiwa karanga. Kabla hujaitupa, isome kwanza. Sijui kama umewahi kuingia kanisani. Pengine hujaingia hata siku moja, pengine uliacha zamani. Usiogope. Sikuulizi dhehebu lako, wala sikuombi sadaka. Nataka tuongee juu ya swali moja tu, ambalo vijana wananiuliza kila baada ya mkutano, watu wakishatawanyika na jenereta limezimwa.

Wananiambia hivi: "Muinjilisti, mimi Yesu namkubali. Alipenda maskini, hakuwa mnafiki, alisema tupendane. Lakini Musa, manabii, Paulo, hao wote wa nini? Si tuchukue maneno ya Yesu tu, yatosha?"

Ni swali zuri. Sitakukemea, maana hata mimi nilikuwa huko huko.

HABARI YANGU

Mimi si msomi. Nilimaliza darasa la saba, nikawa utingo wa lori, baadaye nikauza mitumba sokoni. Mama yangu alikuwa mtu wa kusali. Mwaka mmoja mdogo wangu aliugua sana. Akaja mhubiri mmoja mtaani kwetu, akafungua kitabu cha Malaki, akasoma mstari wa zaka na laana. Akamwambia mama, "Ugonjwa huu ni laana. Hautoki mpaka ulete kitu cha thamani." Mama akauza cherehani yake, ambayo ndiyo ilikuwa inatulisha. Hela akapewa mhubiri. Mdogo wangu akazidi kuumwa, na mhubiri akahamia mji mwingine.

Mdogo wangu alipona baadaye, alipopelekwa hospitali akapimwa na kutibiwa. Cherehani haikurudi. Nami nikasema moyoni, kumbe kitabu hiki ni mtego wa kunasia maskini!

Halafu rafiki yangu akanipa Agano Jipya ambalo maneno ya Yesu yamechapwa kwa wino mwekundu. Nikafurahi. Nikakata shauri: nasoma nyekundu tu. Nyeusi ni za watu, wabaki nazo wenyewe.

Nikaanza Mathayo. Sura ya tano ikanikamata shati. Yesu anasema kumkasirikia ndugu yako kunakupeleka hukumuni kama muuaji. Anasema ukimtazama mwanamke kwa kumtamani, moyoni umekwisha kuzini. Anasema mpende adui yako, umwombee. Adui yangu alikuwa yule mhubiri! Nikafunga kitabu. Nilidhani nimemkimbia Musa kwa sababu ya ukali wake, kumbe nimeangukia mikononi mwa aliye mkali kuliko Musa. Musa alitazama mikono yangu. Yesu alitazama moyo.

Nitakuambia mwisho ilikuwaje. Kwanza tujifunze.

1. WINO MWEKUNDU ULITOKA WAPI?

Haukutoka mbinguni. Mhariri mmoja wa gazeti la Kikristo huko New York, jina lake Louis Klopsch, ndiye aliyechapa Agano Jipya la namna hiyo mwaka 1899. Nia yake ilikuwa njema. Lakini mitume hawakuwa na wino wa rangi mbili.

Fahamu pia kwamba Yesu hakutuachia kitabu alichokiandika kwa mkono wake. Mara moja tunasoma kwamba aliandika chini kwa kidole (Yohana 8), na hatuambiwi aliandika nini. Kila neno lake tulilo nalo limeletwa na mashahidi. Luka hakuwa hata mmoja wa wale kumi na wawili. Alikuwa tabibu, mwenzi wa safari wa Paulo, na mwanzoni mwa Injili yake anaeleza kwamba alichunguza habari kwa uangalifu, kama zilivyotoka kwa walioona kwa macho. Ukimwondoa Luka, humjui Msamaria mwema wala mwana mpotevu, kwa sababu habari hizo ziko kwake peke yake.

Sasa tazama Yohana 3:16, mstari ambao hata asiyeokoka anaujua, kwamba Mungu aliupenda ulimwengu akamtoa Mwanawe. Wataalamu wa Biblia hawakubaliani kama maneno hayo ni ya Yesu akiongea na Nikodemo, au ni ya Yohana akitueleza. Biblia nyingine zinafunga maneno ya Yesu kwenye mstari wa 15, nyingine kwenye wa 21. Je, mstari wa 16 ukiwa wa Yohana, utautupa?

Na angalia yaliyoandikwa kwa nyeusi. Mkono wa Yesu kumgusa mwenye ukoma, ni nyeusi. Machozi yake kaburini kwa Lazaro, nyeusi. Hata habari ya asubuhi ile kwamba hayumo kaburini, amefufuka, aliyeitangaza ni malaika. Ni nyeusi! Ukisoma nyekundu peke yake, unabaki na mdomo usio na mikono, usio na machozi, usio na kaburi tupu.

2. WEMBE WA RAIS

Wewe si wa kwanza kuwaza hivi. Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa tatu wa Marekani, alimpenda Yesu kama mwalimu. Mwaka 1820, akiwa mzee wa miaka 77, alichukua vitabu vya Agano Jipya, akakata kwa kisu chenye makali yale aliyoyapenda, akayabandika kwenye kitabu kingine. Mafundisho akayabakiza. Miujiza akaiacha. Kitabu chake kinaishia pale Yesu anapozikwa na jiwe kuvingirishwa mlangoni. Basi! Hakuna ufufuo. Kitabu hicho kimehifadhiwa Washington, katika jumba la makumbusho.

Lakini kuna jambo lingine. Mzee huyo aliyebakiza maneno ya upendo alimiliki watumwa maisha yake yote, zaidi ya watu 600 kwa jumla. Kisu chake kilikata vitabu, hakikukata minyororo. Ndugu yangu, mtu akishika wembe mbele ya Neno, atakata palipo na ajabu na atabakiza panapompendeza. Neno haliwezi tena kumwambia, "Wewe umekosa." Mwenye wembe ndiye amekuwa hakimu.

Simhukumu Jefferson peke yake. Yule mhubiri wa mama naye alikuwa na wembe wake, na mimi na nyekundu zangu nilikuwa na wa kwangu.

3. YESU MWENYEWE ALISIMAMA WAPI?

Sasa tumsikilize huyo unayesema unamkubali.

Jangwani shetani alipomjaribu, Yesu alijibu mara tatu, na mara zote tatu alitumia Kumbukumbu la Torati, kitabu cha Musa (Mathayo 4). Alipoulizwa amri iliyo kuu alitaja mbili: mpende Mungu, iliyo katika Kumbukumbu la Torati 6, na mpende jirani yako, iliyo katika Mambo ya Walawi 19. Ndiyo, Walawi! Lile neno la upendo unalolipenda sana kwa Yesu, yeye alilitoa katika kitabu ambacho wewe hutaki kukifungua.

Kwao Nazareti alisoma Isaya. Msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22. Alisema hakuja kuitangua Torati wala Manabii, bali kuitimiliza (Mathayo 5:17). Baada ya kufufuka alitembea na wanafunzi wawili kwenda Emau, akaanza na Musa na manabii wote, akawaonyesha mambo yanayomhusu yeye (Luka 24:27).

Unaona? Ukichukua maneno ya Yesu tu, maneno hayo hayo yatakushika mkono yakurudishe kwenye Maandiko yote. Huwezi kumkaribisha mgeni ukamwambia mama yake na ndugu zake wabaki nje.

4. NA PAULO JE?

Wengi wanasema, "Paulo aliharibu dini ya Yesu." Polepole, ndugu. Kabla ya kwenda msalabani Yesu aliwaambia wanafunzi kwamba bado alikuwa na mengi ya kuwaambia, ila wakati ule wasingeweza kuyastahimili, na kwamba Roho wa kweli atawaongoza (Yohana 16:12-13). Aliahidi mwenyewe kwamba kuna mengine yanakuja. Tena alisema anayewasikiliza aliowatuma, amemsikiliza yeye (Luka 10:16).

Na katika Matendo 20:35 kuna neno la Yesu, kwamba kutoa kuna heri kuliko kupokea. Tafuta katika Injili zote nne, hulioni neno hilo! Aliyetutunzia ni Paulo. Ukimtupa Paulo, umemtupa pamoja na neno la Yesu mkononi mwake.

Petro naye, ambaye Paulo aliwahi kumkemea mbele ya watu, anakiri kwamba katika nyaraka za Paulo yako mambo magumu kuelewa, na kwamba watu wasio imara huyapotoa, kama wanavyopotoa Maandiko mengine (2 Petro 3:16). Hakusema zitupwe. Alisema tujihadhari na wanaopotoa.

5. BASI KILA MSTARI TUNAUSHIKA KAMA ULIVYO?

Hapa wengi wanateleza. Kuamini Biblia yote si kuokota mstari wowote na kumpiga nao mtu kichwani. Leo hatuchinji mbuzi kwa ajili ya dhambi, maana Waebrania 10 inasema Kristo alijitoa mara moja, ikatosha. Biblia ni njia ndefu, na njia hiyo inakwenda kwa Yesu.

Chukua "jicho kwa jicho". Watu wanasema ni ukatili. Lakini rudi Mwanzo 4, umwone Lameki anajisifu kwamba amemuua mtu aliyemjeruhi, na kwamba kisasi chake ni mara sabini na saba. Ndipo Torati ikaja kumfunga breki: jicho moja kwa jicho moja, usizidishe. Akaja Yesu, akasema usilipe kisasi kabisa, na Petro alipouliza asamehe mara ngapi, akaambiwa saba mara sabini. Hesabu ya Lameki ya kisasi imegeuzwa kuwa hesabu ya msamaha! Lakini bila Mwanzo na bila Torati hutaona jinsi Mungu alivyotutoa mbali.

Sasa nirudi kwa mama yangu. Miaka ilipita, nikaenda kusoma kozi ya Biblia. Siku moja tulisoma Malaki yote, sura zote nne. Nikafika sura ya tatu, ile ile ya yule mhubiri. Nikakuta mstari wa tano. Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wanaomdhulumu mwajiriwa mshahara wake, na wanaomwonea mjane na yatima. Sura ile ile! Mistari michache tu juu ya ule aliousoma! Na sura ya pili, laana inawaelekea makuhani wenyewe. Na Yesu naye, kwa nyekundu, anawalaani wanaokula nyumba za wajane huku wakiomba sala ndefu (Marko 12:40).

Nililia darasani. Kumbe mama hakuumizwa na Biblia yote. Aliumizwa na KIPANDE. Kama angejua mstari wa tano, angemwonyesha mlango yule bwana.

Hata shetani alitumia kipande. Alimnukulia Yesu Zaburi ya 91 ili ajitupe chini. Yesu hakusema, "Zaburi siitaki." Alijibu kwamba TENA imeandikwa, akataja andiko lingine. Dawa ya kipande ni Maandiko yote. Kijana, mtu asiyejua Biblia yote ataibiwa na kila anayejua nusu yake.

6. NYEKUNDU ILIYONIOKOA

Nilikuambia maneno mekundu yalinifunga. Niliyasoma, nikashindwa kuyafanya. Nilimchukia yule mhubiri mchana na usiku. Nikasema, kama Ukristo ni kutimiza maneno haya tu, mimi nimepotea.

Ndipo nikaingia kwenye nyeusi. Isaya 53: yupo mmoja aliyejeruhiwa kwa makosa yetu. Warumi 5: Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi, kabla hatujajirekebisha. Nikarudi kwenye nyekundu, nikaona ilikuwepo siku zote: Yesu mwenyewe alisema amekuja kutoa uhai wake uwe fidia ya wengi (Marko 10:45). Sikuhitaji mwalimu tu. Nilihitaji Mwokozi.

Nikapiga magoti pale pale kwenye meza ya mitumba. Chuki haikuisha siku moja, siwezi kukudanganya. Lakini siku ile nilianza kumwombea yule mtu, na kweli sikuanza kwa nguvu zangu.

KIJANA, UFANYE NINI?

Usimkatae Yesu kwa sababu ya mtu aliyekuumiza kwa mstari mmoja. Na usimkate Yesu vipande ili akutoshe. Mpokee mzima. Sema naye sasa hivi, hata kimoyomoyo:

"Bwana Yesu, nimekuwa nikichagua yanayonipendeza. Mimi ni mwenye dhambi. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe, uwe Bwana wangu, unifundishe Neno lako lote. Amina."

Ukiomba hivyo kwa moyo, anza leo kusoma Injili ya Luka, sura moja kila siku, nyekundu na nyeusi. Ukimaliza soma Matendo, halafu rudi Mwanzo. Tafuta kanisa wanakofungua Biblia na kukuruhusu kuuliza maswali. Na mtu yeyote akikusomea mstari mmoja ili akutoe hela au akutie hofu, mwambie, "Tusome sura yote."

Ukimaliza, usiichane karatasi hii. Mpe mwenzako wa kijiweni. Mungu akubariki!