Mawimbi Yasiyo na Msongamano: Somo la Upepo, Mwezi na Mwamba

Ipagala ni kata ya jiji la Dodoma, katika uwanda wa juu wa kati, takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kutoka huko hadi pwani ya Dar es Salaam ni safari ya kilomita zipatazo 450 kwa barabara. Hata hivyo, tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, safari hiyo huchukua saa zipatazo nne tu. Vijana wengi wa bara sasa huikuta bahari wakiwa wageni wake, na baadhi yao huvutwa na mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Makala haya yanaeleza jinsi wimbi linavyozaliwa, kwa nini baadhi ya mawimbi yana watu wengi na mengine hayana, na jinsi ya kulipima wimbi tupu kabla ya kuliingia.

Mchezo uliokua

Mchezo huu ni wa kale miongoni mwa wenyeji wa visiwa vya Hawaii. Mwogeleaji wao mashuhuri, Duke Kahanamoku, aliyepata medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1912, aliuonyesha Australia katika miaka ya 1914 na 1915. Kwa mara ya kwanza ukawa sehemu ya mashindano ya Olimpiki katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021.

Tatizo la msongamano linaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi. Tuchukue mfano wa ufuko unaopata fungu la mawimbi manne mazuri kila baada ya dakika 10. Hayo ni mawimbi 24 kwa saa. Kwa desturi ya mchezo, wimbi moja ni la mtu mmoja, yaani yule aliye karibu zaidi na mahali linapoanza kuvunjika. Wakiwapo watu 8, kila mmoja atapata mawimbi matatu kwa saa. Wakiwapo 48, kila mmoja atasubiri saa mbili apate wimbi moja. Bahari haiongezi mawimbi kwa kuwa wachezaji wameongezeka.

Wimbi huzaliwaje

Upepo wa kusi, ambao katika miezi ya Juni hadi Septemba hutimua vumbi katika viwanja vya Ipagala, ndio huohuo unaoinua mawimbi katika Bahari ya Hindi. Ukubwa wa wimbi hutegemea mambo matatu: nguvu ya upepo, muda ambao upepo umevuma, na urefu wa eneo la maji lililopigwa na upepo huo. Katika Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957 kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma, upepo mkali huinua viwimbi vidogo tu, kwa sababu maji yenyewe ni ya kilomita chache. Upepo wa nguvu ileile ukivuma juu ya maelfu ya kilomita za bahari huzaa milima ya maji.

Muda unaopita kati ya kilele kimoja cha wimbi na kingine huitwa muda wa wimbi. Katika kina kirefu, wimbi lenye muda wa sekunde 6 huwa na mita 56 hivi kati ya kilele na kilele. Lenye muda wa sekunde 12 huwa na mita 225 hivi. Muda ukizidishwa mara mbili, urefu huzidi mara nne. Nguvu ya mawimbi ya sekunde 12 husafiri kwa mwendo wa kilomita zipatazo 34 kwa saa, hivyo dhoruba iliyo umbali wa kilomita 6,000 hutuma mawimbi yake ufukoni baada ya siku saba na zaidi.

Maarifa hayo yaliendelezwa na wanasayansi Harald Sverdrup na Walter Munk wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ili majeshi yajue siku ya kutua pwani kwa usalama. Leo setilaiti na kompyuta hutoa utabiri wa namna hiyo kwa kila mwenye simu. Ndiyo sababu fuko zenye sifa hujaa: watu wote husoma utabiri mmoja na kufika saa moja.

Kwa nini pwani yetu ina nafasi

Mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi huzaliwa na dhoruba za kusini ya mbali. Pwani ya Tanzania imekingwa na kisiwa cha Madagaska, chenye urefu wa kilomita zipatazo 1,600, ambacho huzuia sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba navyo hukinga sehemu za pwani ya bara. Kwa hiyo mawimbi yetu mengi huzaliwa na kusi ya karibu: ni mafupi na yenye kuvurugika. Pwani ya Kigamboni, kusini ya Dar es Salaam, iko wazi zaidi kuliko Ghuba ya Msasani, ambayo ina visiwa vya Bongoyo na Mbudya mbele yake.

Hapa ndipo pana fundisho kuu. Wimbi huwa tupu kwa moja ya sababu tatu: ni dhaifu, ni la hatari, au halijajulikana. Mgeni hawezi kuzitofautisha kwa macho tu. Mvuvi wa mahali pale huweza, maana anaujua mwamba na nyakati za maji. Kumwuliza ni hatua ya kwanza ya utafiti.

Mwamba na maji

Wimbi huanza kuhisi sakafu ya bahari pale kina kinapokuwa nusu ya urefu wake. Chini yake hupunguza mwendo, na kilele huinuka. Huvunjika pale kimo chake kinapokaribia takriban sehemu nane katika kumi za kina cha maji. Wimbi la mita moja na nusu, kwa mfano, huvunjika penye maji ya mita mbili hivi. Pwani yetu maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu siku za bamvua. Hivyo mwamba uliotoa wimbi zuri asubuhi waweza kuwa mkavu baada ya saa chache.

Katika Dar es Salaam na Unguja, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa karibu saa nne. Kila siku nyakati hizo huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo anayekimbia msongamano hana lazima ya kuhama ufuko. Aghalabu yatosha kubadili saa. Alfajiri, kabla upepo haujakaza, na majira ya matangambili kati ya kusi na kaskazi, uso wa maji huwa laini zaidi.

Hatari na haki za wengine

Maji yanayosukumwa na mawimbi kuelekea ufukoni lazima yarudi. Hurudi kwa mkondo mwembamba wenye nguvu, hasa penye mlango wa mwamba. Mahali hapo mara nyingi mawimbi hayavunjiki, na mgeni hudhani ndipo penye utulivu. Anayekokotwa asishindane na mkondo. Aogelee sambamba na ufuko hadi atoke ndani yake, ndipo arudi. Akichoka, aelee na kuinua mkono.

Tena, maji yaliyo tupu kwa mchezaji si lazima yawe hayana mwenyewe. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, huko Paje na Jambiani, wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, wamelima ndani ya mwamba tangu mwaka 1989. Maji hayohayo sasa hutumiwa na wageni wanaovutwa juu ya ubao kwa vishada vikubwa. Kamba za mwani huonekana maji yakipwa, yakijaa hufichika. Matumbawe nayo yaliumizwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, na joto la bahari la mwaka 1998 liliua mengi. Mwamba ukibomoka, wimbi hupoteza umbo lake, na ufuko hupoteza ngao yake.

Zoezi

Mwezi unaoonekana Ipagala ndio unaovuta maji ya Kigamboni. Tuseme mwezi umekuwa mpevu leo. Je, baada ya siku tatu maji yatajaa saa ngapi jioni? Siku tatu mara dakika 50 ni dakika 150. Saa kumi alasiri inakuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, na maji yatakuwa yamepwa saa sita na robo mchana. Haya ni makadirio. Kabla ya safari yenyewe, zitazamwe jedwali rasmi za maji kujaa na kupwa, pamoja na tahadhari za upepo na mawimbi za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.