Pima mega za Tunda kabla ya kubandika video

Ujumbe ulinikuta Kindu saa mbili usiku, umetoka kwa muganga mmoja wa Tunda, mkoani Maniema (kwetu Kongo nesi naye ni muganga, na yaya ni ndugu mkubwa): "Yaya, ile saiti yako imekula mega zangu zote. Imezunguka, imezunguka, sijaona kitu."

Anwani nilikuwa nimemtumia asubuhi, nikiringa. Ukurasa ulikuwa na video ya dakika 3 ya mama akimchanganyia maji ya chumvi na sukari mtoto anayeharisha, picha sita zinazoteleza zenyewe, na muziki wa kukaribisha wageni. Mimi niliutazama kwenye kompyuta, nimeketi, kwa mtandao unaolipwa na mtu mwingine. Yeye aliufungua amesimama uwanjani, mkono juu, akitafuta pale mtandao unaponasa.

Usiku ule nilichukua kalamu nikaandika kiini cha video yangu. Ukikosa pakiti ya SRO (chumvi ya kurudishia maji mwilini), chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa, koroga mpaka viyeyuke. Basi, hakuna kingine. Maneno hayo hayafiki hata nusu kilobaiti. Tena mama anaweza kuyanakili kwenye daftari la mtoto. Video hainakiliki, na akisahau idadi ya vijiko itambidi aitafute upya katikati ya zile dakika 3.

Kwa hiyo unapotengeneza tovuti ya kituo cha afya, shule, parokia au chama cha wakulima, usianze kwa kuuliza "niweke video au picha?" Chukua kila jambo unalotaka kusema, ulikabili peke yake: hili linatosha kusomwa? Linahitaji kuonekana? Kusikika? Au maana yake imo ndani ya mwendo, na likisimamishwa linapotea? Jibu likishapatikana ndipo uangalie mfuko wa msomaji.

Mfuko huo unapimika. Tuchukue mtandao wa 2G unaopitisha kilobiti 100 kwa sekunde, na siku ya mvua hata hizo ni za kushukuru. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo zinapita kilobaiti kama 12 na nusu kila sekunde. Picha ya megabaiti 4 iliyotoka moja kwa moja kwenye simu itachukua zaidi ya dakika 5. Video yangu, iliyorekodiwa kwa megabiti 1 kwa sekunde, ilikuwa na megabaiti 22 na nusu: dakika 3 za kutazama, nusu saa ya kungoja. Na wakati huo wote skrini inawaka na betri inashuka, pengine kwa mtu atakayelipia kuchaji kesho kwenye sola ya jirani. Ukurasa wa kilobaiti 100 ungefunguka kwa sekunde 8. Fanya hesabu hii kwa kila faili kabla ya kuipandisha. Mimi siku hizi naiandika kwenye karatasi, safu moja uzito, safu nyingine sekunde, na safu ya pili ndiyo inayonitia aibu.

Maandishi yaliniangusha mahali pamoja tu: neno "kusawazisha". Mtu mmoja hujaza kijiko mpaka kilima, mwingine hukikwangua, na chumvi ikizidi mtoto anadhurika. Hapo mchoro unastahili mega zake. Nikachora vijiko viwili ubavu kwa ubavu: kimoja kina kilima, kimepigwa msalaba, cha pili kimekwanguliwa kwa mgongo wa kisu, kina alama ya sawa. Mistari myeusi, rangi mbili, hakuna kivuli. Mchoro wa namna hiyo uhifadhi kama PNG, au SVG ukiweza, na uzito wake utakuwa mdogo sana. Ukiuhifadhi kama JPEG kingo zitachafuka.

JPEG iachie picha za kamera: sura za watu, bustani, jengo. Punguza upana wa picha hadi pikseli 800, ushushe ubora hadi 60 au 70 kwa mia, na mara nyingi itashuka chini ya kilobaiti 100 bila jicho la kawaida kugundua. WebP, iliyotolewa na Google mwaka 2010, huibana zaidi, ila simu kuukuu inaweza kuikataa. Mimi huweka WebP na kuacha JPEG nyuma yake kama akiba. Kazi hii hufanyika bure kwenye Squoosh, ndani ya kivinjari. Huna kompyuta? Jitumie picha kwa WhatsApp kisha uihifadhi upya. Imeshabanwa. Mbinu za kienyeji nazo zina faida.

Sauti ndiyo ninayoitetea kuliko vyote, kwa sababu wenzangu wa kompyuta huisahau. Masikio ya Maniema yamezoeshwa na redio. Radio Okapi inatangaza tangu Februari 2002, Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha zake, na watu hukaa kimya kuisikiliza wakati wa habari kama wanavyokaa kanisani. Mtu anayesoma kwa shida husikia vizuri sana. Isitoshe, sauti haimtaki mtu aache kazi: anapepeta mchele, simu iko mfukoni, ujumbe unaingia.

Lakini kosa ni kuihifadhi sauti ya mtu kama muziki wa harusi. Maneno matupu hayahitaji mikondo miwili (stereo) wala kilobiti 128. Rekodi ndani ya chumba chenye mapazia au godoro, maana ukuta mtupu huleta mwangwi. Simu iwe umbali wa shubiri moja na kinywa. Kisha uifungue kwenye programu ya Audacity, ukate kikohozi na ukimya wa mwanzo, uitoe kama MP3 ya mkondo mmoja (mono), kilobiti 32 kwa sekunde. Dakika 4 zitakuwa kilobaiti 960. Opus, ambayo WhatsApp huitumia kwa sauti zake, inasikika vizuri hata kwa kilobiti 24, na dakika zilezile zinashuka hadi 720. Ila MP3 inachezwa na kila kitu, hata kile kiredio kidogo cha sokoni chenye tundu la kadi. Mimi huchagua MP3.

Kiredio hicho ndicho kinachoniongoza kwenye jambo ambalo vitabu vya ubunifu wa tovuti havilisemi. Faili yako haitaishi kwenye tovuti. Mtu mmoja ataipakua, kisha itatembea kwa Bluetooth, kwa programu ya Xender, kwa kadi, kutoka simu hadi simu bila mega hata moja. Basi ipe kitufe cha kupakua, si cha kusikiliza tu. Ipe jina linaloeleweka, kama chumvi-sukari-kiswahili.mp3, wala si audio_final2. Na anayesoma kwenye sauti aseme mwanzoni yeye ni nani, anatoka kituo gani na mwezi gani, kwa sababu faili ikifika kijiji cha tatu ukurasa wako hautakuwepo kuitolea ushahidi.

Na video? Sikuitupa yote. Kwenye ukurasa wa pili nilitaka mama atambue nimonia kwa mtoto: kifua cha chini kubonyea ndani kila anapovuta pumzi. Niliandika aya tatu, muganga akacheka. Nikachora, bado. Jambo hilo ni mwendo, lazima litembee. Tukaweka video ya sekunde 15, bila sauti, ndogo, kwa kilobiti 250: haifiki nusu megabaiti. Ni MP4 ya H.264, kwa kuwa ndiyo inayofunguka karibu kila mahali. Usishawishike kuigeuza GIF ili icheze yenyewe. GIF ni ya mwaka 1987, ina rangi 256 tu, na kwa mwendo uleule hutoka nzito mara kadhaa.

Video yoyote isipakuliwe mpaka mtu aibonyeze. Kwenye msimbo andika preload="none", uweke picha moja ya kusubiria, na chini yake useme wazi: "Tazama, sekunde 15, kilobaiti 470." Sauti nayo ni hivyohivyo. Mwenye mega chache ana haki ya kujua bei kabla ya kununua. Ukitaka kuelekeza watu YouTube, usipachike kicheza chake ukurasani, kwani huanza kula mega kabla ya mtu kugusa kitu. Weka picha yenye kiungo. Picha zilizo chini ya ukurasa ziandikie loading="lazy", zije msomaji anapozifikia.

Picha zinazoteleza, muziki unaoanza wenyewe, herufi za madoido zinazopakuliwa kutoka mbali: toa. Na teknolojia inayomilikiwa na kampuni moja iogope. Walimu wengi walitengeneza masomo kwa Flash. Adobe iliacha kuitunza mwisho wa 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikaizuia isifanye kazi. Masomo yale yamekuwa viboksi vya kijivu. Maandishi, JPEG na MP3, vya zamani kuliko Flash, bado vinafunguka.

Kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba tovuti iko tayari, nenda kwenye mipangilio ya simu, ifunge kwenye 2G, futa kumbukumbu ya kivinjari, nunua mega chache kuliko zote wanazouza, utoke nje. Usitumie simu yako nzuri. Azima ya mdogo wako. Fungua ukurasa na uhesabu kwa sauti. Ukifika 15 kabla ya maneno ya kwanza kuonekana, rudi ndani ukapunguze.

Wangu sasa una kilobaiti 90, mchoro wa vijiko ukiwemo. Sauti ya maelezo yaleyale inasubiri kubonyezwa. Nilimtumia muganga tena, na safari hii niliambatisha mega za kufungulia. Alijibu baada ya dakika chache:

"Imefunguka, Yaya. Mama mmoja amesikiliza hapa mara mbili. Anauliza ya Kitetela iko wapi."

Kesho natafuta msomaji.