Kujenga Dar es Salaam kwa Mvua na Joto la Leo: Mwongozo kwa Waendelezaji wa Majengo

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, na familia nyingi za bonde la Mto Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo eneo la Jangwani, katika bonde hilo, limefurika tena na tena. Mwongozo huu ni wa wote wanaojenga nyumba za kuuza au kupangisha. Kanuni yake kuu ni hii: jengo linalobaki kavu kwa kumsukumia jirani maji halijajiandaa kwa mabadiliko ya tabianchi.

1. Kabla ya kununua kiwanja
Hatimiliki haizuii mafuriko. Kitembelee kiwanja wakati wa masika, mvua ikinyesha. Kagua alama za tope kwenye kuta za majirani, na uwaulize wakazi wa siku nyingi maji yalifika wapi. Kumbuka kuwa kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito na ufuko wa bahari.

2. Wakati wa kusanifu
a) Inua sakafu ipite alama ya juu kabisa ya maji.
b) Jenereta, pampu na swichi kuu za umeme zisikae chini ya ardhi.
c) Epuka kuta za vioo upande wa magharibi. Varanda pana, miti ya kivuli na madirisha yanayoelekeana hupunguza joto na gharama za viyoyozi.

3. Wakati wa kujenga
a) Usimwage kifusi bondeni, kwani maji yaliyokuwa yakitulia hapo yatahamia kwa wengine.
b) Usisakafie uwanja wote. Acha udongo na majani vinywe maji.
c) Maji ya paa yaende tangini, na ziada iingie kwenye mfereji unaoimudu. Yakiunganishwa na mfumo wa majitaka, chemba zitafurika.

4. Baada ya kukabidhi
Tenga fedha za kuzibua mifereji kabla ya masika na vuli, zikiwa sehemu ya ada ya huduma. Mweleze mnunuzi kwa maandishi historia ya mafuriko ya eneo hilo, hata kama itakupotezea mteja. Nyumba hiyo ndiyo akiba yake ya maisha, na ana haki ya kujua anachonunua.